Ukimwamsha aliyelala, utalala wewe: mashini ya zamani ya kupima bobini



Katika ukurasa huu wa usalama na afya tunasema mara nyingi juu ya kofia, viatu, mikanda na baruti. Leo tunataka kusema juu ya kitu kisichokaa mgodini. Kinakaa nyumbani, chini ya bati, juu ya meza ya fundi. Ni mashini ya zamani ya kupima bobini za motokari.

Tuseme hivi. Fundi mmoja, mtu wa miaka mingi ya kazi, ananunua sanduku la chuma katika garaje ya zamani inayofungwa. Sanduku lina mita yenye sindano, lina dirisha dogo la kioo ambamo cheche inaruka, na lina vifungo vikubwa vyeusi vya kuzungusha. Liliundwa Marekani au Ulaya kati ya miaka ya 1930 na 1960. Limelala miaka 30 bila kupata umeme. Fundi anafurahi sana. Anafika nyumbani, anapangusa vumbi, anatafuta prizi. Mke wake anamwambia: «Baba watoto, ngoja kwanza. Kitu hiki unajua kilivyo ndani?» Yeye anajibu: «Mama, ninajaribu dakika moja tu.»

Dakika hiyo moja ndiyo habari yetu ya leo.

Wazee wanasema: ukimwamsha aliyelala, utalala wewe. Mashini iliyolala miaka mingi si lazima iwe imekufa. Mara nyingi inaweza kuamshwa na kufanya kazi nzuri. Lakini iko namna ya kuiamsha, na fundi asiyeifuata anaweza kulala yeye, asiamke tena.

BOBINI INAFANYA KAZI GANI?

Motokari kubwa za mgodi zinatumia mazuti, hazina bobini ya namna hii. Lakini motokari ndogo za esanse, pampu za maji, vinu vya unga na magrupu madogo ya umeme, vyote vinahitaji cheche ndani ya bujie ili esanse iwake.

Batri inatoa volti 12 tu. Volti 12 haziwezi kuruka hata ile nafasi ndogo ya bujie. Ndiyo sababu iko bobini. Ndani yake mna chuma, na juu ya chuma zimezungushwa waya mbili. Ya kwanza ni nene, nayo imezungushwa mara mia kadhaa. Ya pili ni nyembamba kama unywele, nayo imezungushwa maelfu ya mara, karibu mara 100 kuliko ile ya kwanza.

Visi platine zikifunga, umeme wa batri, kama ampere 4, unapita katika waya nene, na chuma kinakuwa sumaku. Visi platine zikifunguka, sumaku inaanguka mara moja. Katika kuanguka huko waya nene inapata volti 200 au 300, na waya nyembamba inapata volti 20.000 na zaidi. Hizo ndizo zinazopita katika delko na kufika kwenye bujie.

Akili hii ni ya zamani. Mwingereza Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika inazaa umeme katika waya. Charles Kettering, fundi wa Marekani, aliipa motokari njia ya kutumia batri na bobini. Hata jina hili «delko», ambalo kila fundi wa kwetu analitaja, linatoka katika herufi za kwanza za kampuni yake, Dayton Engineering Laboratories Company, iliyoanza mwaka 1909. Kampuni hiyo ndiyo iliyotengeneza pia starteri ya umeme kwa motokari za Cadillac za mwaka 1912.

KWA NINI KUTAFUTA MASHINI YA ZAMANI?

Kijana mmoja anaweza kusema: «Mzee, mimi nina mita ya kupima omu, inatosha.» Haitoshi, mwanangu. Mita ile inapima kwa batri yake ndogo. Inaonyesha kama waya imekatika. Bobini ya kawaida ya volti 12 inaonyesha karibu omu 3 katika waya nene, na maelfu ya omu katika waya nyembamba. Lakini kama ngozi ya waya imechoka, kosa lake linatokea tu wakati volti ni nyingi na bobini imepata moto. Bobini iliyopoa inapita vizuri kwenye mita, halafu inamwacha dereva njiani baada ya kilomita 20.

Mashini ya zamani inafanya kitu kingine. Inaitumikisha bobini kama vile iko katika motokari. Inaipa umeme, inaukata, inaupa tena, haraka haraka. Cheche inaruka hewani kati ya ncha mbili, na fundi anazisogeza ncha ili aone cheche inafika mbali gani. Anaiacha bobini ifanye kazi dakika kadhaa mpaka ipate moto. Bobini yenye ugonjwa inajitaja yenyewe. Ndiyo sababu chombo hiki bado kina faida.

CHECHE INAYOONEKANA NA UMEME USIOONEKANA

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa watu wengi wanakosea.

Mtu akiona cheche ya buluu inayolia taa-taa-taa katika dirisha, anaiogopa. Anaweka vidole mbali. Ni vizuri. Lakini anasahau sanduku lenyewe, kamba yake na vitu vilivyo ndani, kwa sababu hivyo vinanyamaza.

Tupime nguvu zao. Cheche moja ya bobini ya visi platine ina nguvu karibu jouli 0,05. Volti zake ni nyingi, lakini mzigo wake ni mdogo. Inaruka, imekwisha. Ndani ya mashini nyingi za zamani zenye lampu za radio, mna kitu kingine kinachoitwa kondasateri, yaani kichupa kinachoweka umeme akiba. Kondasateri ya mikrofaradi 40 iliyojaa volti 350 ina jouli 2,45. Hiyo ni karibu mara 50 ya cheche ile unayoiogopa. Na tena inaweza kukaa na umeme huo dakika nyingi baada ya kuchomoa kamba katika prizi.

Halafu kuna prizi yenyewe. Volti 220 za nyumbani hazina kikomo kama cheche. Zinaendelea kuingia mpaka mtu azikate. Mkono wenye jasho na miguu iliyolowa vinaacha umeme upite kwa urahisi. Mwili katika hali hiyo unaweza kuwa na omu 1.000 tu. Gawanya 220 kwa 1.000: ni miliampere 220. Sasa linganisheni:

– Miliampere 10: mkono unashika chuma na hauwezi kuachia.
– Miliampere 30: kifua kinabanwa, pumzi inakuwa ngumu.
– Miliampere 50 na zaidi: moyo unaweza kuanza kutetemeka bila kusukuma damu.

Na fizibli ya nyumbani? Fizibli ya ampere 10 inangoja miliampere 10.000 na zaidi ndipo ikatike. Mtu amekwisha kufa, nayo bado nzima. Fizibli inalinda waya zisiungue. Haimlindi mtu. Anayemlinda mtu ni dijonkteri ya diferansieli ya miliampere 30, pamoja na waya ya udongo iliyo nzima.

LETENI NYUMBANI KANUNI YA MGODINI

Mfanyakazi wa mgodi, wewe unajua kanuni hii. Hakuna mtu anayegusa motori ya konveyeri au ya pampu kabla ya kuikata katika umeme, kutia kufuli, kuweka karatasi yenye jina lake, na kupima kwa chombo kwamba umeme hakika haupo. Mgodini ukivunja kanuni hii, mkubwa wa kazi anakufukuza mahali pale. Basi kwa nini nyumbani unaivunja, mbele ya watoto wako?

Nyumbani kanuni ni hiyo hiyo, nayo ni fupi:

1. Chomoa kamba. Usizime kwa kifungo tu. Kifungo cha mashini ya zamani kinakata mara nyingi waya moja, nayo nyingine inabaki na umeme.
2. Weka kichwa cha kamba mbele ya macho yako juu ya meza. Hiyo ndiyo kufuli yako. Hakuna mtu atakayekichomeka bila wewe kuona.
3. Toa umeme ulio katika kondasateri. Chukua rezistansi ya omu 10.000 na wati 5, yenye waya zilizofunikwa vizuri na mipini ya plastiki. Gusa nayo ncha mbili za kondasateri, hesabu mpaka 10. Usitumie turnevisi: inapiga mshindo, inaunguza, na chuma chaweza kurukia macho.
4. Pima kwa mita. Ngoja dakika moja, pima tena, maana kondasateri inaweza kujirudishia volti kidogo. Mita ikisema sufuri mara mbili, ndipo mkono uingie.

Na neno moja kwa sisi wa hapa. Umeme ukikatika katika mtaa, usiseme umekufa. Wako watu wanaotumia saa hizo kufungua mashini, kwa sababu «kura haiko». Umeme haupigi hodi ukirudi. Ukikatika, kitu cha kwanza ni kuchomoa kamba.

KABLA YA KUWASHA: KUTENGENEZA

Sasa tunafungua sanduku. Fanya kazi mchana, penye hewa, bila umeme.

Kwanza, soma kibati. Karibu kila mashini ina kibati kidogo nyuma. Kinasema volti ngapi, hertz ngapi, wati ngapi. Andika maneno hayo. Kama kibati hakiko, usikisie. Mwonyeshe fundi wa umeme anayejua kusoma transfo.

Pili, vumbi. Ndani ya mashini za zamani huweza kuwa na amiyanti, kama nyuzi nyeupe au karatasi ya kijivu karibu na vitu vinavyopata moto. Vumbi lake likiingia katika mapafu linaleta ugonjwa baada ya miaka mingi. Usipulize kwa mdomo wala kwa kompreseri. Ukiona kitu kama hicho, usikikwangue. Kiache mahali pake. Vumbi lingine lipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo, nawe umevaa maski, halafu uache kila kitu kikauke kabisa.

Tatu, mafuta. Kondasateri na transfo za zamani zinaweza kuwa na mafuta yanayoitwa piralene. Marekani ilikataza kuyatengeneza mwaka 1979, kwa sababu yanakaa mwilini na ni sumu. Ukiona kitu kinavuja mafuta, vaa glavu, kitie katika mfuko wa plastiki, kitie katika kopo lenye kifuniko, usikichome moto. Akina mama, sikieni: mafuta ya transfo au ya bobini si ya kukaanga, si ya kupaka mwilini, si ya taa. Hata yakiwa masafi kama maji, hapana.

Nne, waya. Waya za zamani zimefunikwa kwa mpira na kitambaa. Zikunje kidogo. Kama mpira unavunjika kama biskuti, ondoa waya zote za namna hiyo, moja moja, ukiandika kila moja inatoka wapi na kwenda wapi. Usiondoe zote kwa siku moja bila karatasi.

Tano, kamba ya prizi. Kamba ya zamani ina waya mbili. Weka kamba mpya ya waya tatu. Ile ya manjano na kijani ifungwe kwa visi nzuri juu ya chuma cha sanduku kilichokwanguliwa rangi. Hiyo ndiyo waya ya udongo. Weka fizibli ndogo katika waya yenye umeme, ya kipimo kinacholingana na wati za kibati.

Sita, kondasateri. Zile za karatasi na nta, na zile za elektroliti, zimezeeka hata kama hazikutumika. Zibadilishe. Mikrofaradi iwe sawa, volti ziwe sawa au zaidi, wala zisiwe chini. Tazama alama za plus na minus. Elektroliti iliyogeuzwa inaweza kupasuka. Tazama hasa kondasateri ndogo inayotoka katika waya ya prizi na kwenda katika chuma cha sanduku. Kama ngozi yake imetoboka, sanduku zima linakuwa na volti 220. Iondoe. Ukitaka kuirudisha, tumia ile tu iliyoundwa kwa usalama wa kazi hiyo.

Saba, pima. Fundi mwenye megometri ya volti 500 aunganishe vichwa viwili vya umeme vya kamba na kupima kati yao na chuma cha sanduku, kifungo kikiwa mahali pa kuwasha. Ikiwa chini ya omu milioni 1, kuna mahali umeme unavuja. Usiendelee mpaka upajue.

UMEME GANI?

Katika nyumba zetu prizi inatoa volti 220 na hertz 50. Mashini iliyoundwa Marekani inataka mara nyingi volti 110 au 120 na hertz 60. Ukiipa volti mara mbili, moto ndani ya rezistansi zake unakuwa mara nne. Hapo ndipo moshi unatoka, na mita nzuri iliyodumu miaka 60 inakufa kwa sekunde chache.

Unahitaji basi transfo ya kushusha 220 kwenda 110. Ziko aina mbili, nazo si sawa kwa usalama.

Aina ya kwanza ina waya moja tu iliyozungushwa, na upande wa 110 umefungwa pamoja na upande wa 220. Ni nyepesi na bei yake ni ndogo. Lakini kichwa cha prizi kikigeuzwa, waya zote mbili za upande wa 110 zinaweza kuwa na umeme kuelekea udongo, moja yao volti 220 kamili. Aina ya pili ina waya mbili zisizogusana. Hii ndiyo tunayowashauri kwa mashini ya zamani. Iwe na nguvu zaidi ya kibati: mashini ya wati 150 ipewe transfo ya voltampere 250 au 300.

Lakini hata hiyo haikupi ruhusa ya kugusa mahali pawili kwa mara moja. Dijonkteri ya diferansieli haioni kosa lililo upande wa pili wa transfo ya waya mbili. Mikono yako miwili ikishika waya mbili, hakuna kitakachokata.

Hertz nazo zina maneno. Transfo iliyoundwa kwa hertz 60 inapata moto zaidi kwa hertz 50. Kwa mashini ya volti 120 ni afadhali kuipa volti 100 au 110, na kuigusa kwa nyuma ya mkono, ikiwa imechomolewa, baada ya kila robo saa. Kama mashini ina motori inayofuata hertz, itazunguka polepole: badala ya mizunguko 1.800 kwa dakika itafanya 1.500. Usiseme imeharibika.

Mashini nyingine hazitaki prizi. Zinataka batri ya volti 6. Usizifunge kwenye batri ya volti 12 ya motokari kwa sababu ndiyo uliyo nayo. Na hata batri ya volti 6 iwekewe fizibli karibu yake. Vua saa na pete. Pete ya chuma ikigusa plus na minus inakuwa nyekundu kidoleni.

SIKU YA KUAMSHA

Fundi wa zamani haamshi mashini kwa ghafla. Anatumia ampuli.

Chukua ampuli ya zamani yenye uzi ndani, ya volti 220 na wati 60 au 100. Iweke katika njia ya umeme unaokwenda kwenye transfo, hivi kwamba umeme lazima upite katika ampuli kwanza. Ampuli mpya za LED hazifai kwa kazi hii. Sasa washa, ukiwa umesimama mbali kidogo, mkono mmoja mfukoni.

– Ampuli ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo: ndani kuna mahali waya zinagusana. Chomoa. Tafuta.
– Ikiwaka, halafu ikapunguza mwanga: ni dalili njema. Iache dakika kadhaa, tazama, nusa.
– Isipowaka kabisa: kuna mahali pamekatika, au fizibli imekufa.

Ampuli inailinda mashini. Haikulindi wewe. Wakati inawaka kidogo tu, ndani ya sanduku volti zinazoweza kuua ziko pale pale.

Ukisikia harufu mbaya sana kama mayai yaliyooza au vitunguu saumu, huenda ni redreseri ya seleni inayoungua. Moshi wake ni sumu. Chomoa, toka nje, toa watoto, acha hewa iingie. Usirudi kuiangalia kwa pua karibu.

Ikinyamaza vizuri, ondoa ampuli, funga sanduku kwa visi zake zote, ndipo upime bobini. Anza na bobini unayojua ni nzima. Funga waya zote kabla ya kutia umeme. Weka nafasi ndogo ya cheche, milimita 5 au 6, halafu ongeza polepole. Usiache waya ya juu ya bobini ikining'inia bila mahali pa cheche: umeme utatafuta njia ndani ya bobini yenyewe na kuitoboa. Ukitaka kubadili bobini, zima na chomoa kwanza. Bobini za CDI za pikipiki nyingi hazipimwi katika mashini hii. Waya yake nene ina chini ya omu 1, nayo itavuta ampere nyingi mno.

Mtu mwenye chombo cha kusaidia moyo ndani ya kifua asikae karibu. Na fungua dirisha, kwa maana cheche inazaa gesi ya ozoni inayochoma koo.

CHECHE NA ESANSE HAZILALI NYUMBA MOJA

Katika garaje nyingi kuna kopo la esanse la kusafishia visi na karburateri. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa; unatambaa chini kama nyoka na kujificha pembeni. Kuuwasha kunahitaji nguvu ndogo sana, chini ya jouli 0,001. Cheche ya mashini yako ina mara 50 ya hiyo, tena zinaruka kadhaa kila sekunde. Batri inayochajiwa nayo inatoa gesi ya idrojeni. Basi mashini ya kupima bobini isiwe chumba kimoja na esanse wala na batri inayochajiwa. Na isiwe katika chumba ambamo watoto wanalala.

UMEME UKIMSHIKA MTU

Kila mtu wa nyumba, hata mtoto wa miaka 10, ajue mahali pa kukata umeme. Mwonyesheni leo jioni.

1. Usimguse. Kata umeme kwanza. Kama huwezi, simama juu ya kitu kikavu kisicho cha chuma, umsukume kwa mti mkavu.
2. Usimwagie maji. Usimzike katika mchanga. Usipoteze wakati kwa dawa.
3. Ita watu, tuma mmoja hospitali.
4. Kama hajibu na hapumui vizuri, mlaze chali mahali pagumu. Weka mikono miwili katikati ya kifua, kandamiza sentimita 5 au 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Baada ya mara 30, anayejua apulize pumzi 2 mdomoni. Asiyejua aendelee kukandamiza tu. Msiache mpaka munganga afike.
5. Hata akiamka na kusema «mimi mzima», mpelekeni kwa munganga. Moyo unaweza kupotea njia baadaye, na jeraha dogo la ngozi laweza kuficha nyama iliyoungua ndani.

NENO LA MWISHO

Tumrudie fundi wetu na mke wake. Tuseme amemsikia. Ameacha prizi, amesoma kibati, amebadilisha kamba na kondasateri, ametafuta transfo ya waya mbili, amekopa ampuli ya zamani kwa jirani. Kazi ya dakika moja imekuwa kazi ya majuma mawili. Jumamosi moja cheche ya buluu inaruka katika dirisha, na bobini ya jirani inaonyesha ugonjwa wake baada ya kupata moto. Mtoto wake anauliza: «Papa, naweza kugusa?» Naye anajibu: «Hapana, mwanangu. Keti hapo, nitakufundisha kwanza namna ya kuchomoa.»

Hapo ndipo kazi ya fundi inapoanzia. Mashini imengoja miaka 30. Inaweza kungoja majuma mawili zaidi. Chomoa, toa umeme, pima, ndipo uguse. Watoto wanangoja baba yao mezani.